Shevanta Gangaram Pise, Binti wa Fundi Aliyegeuzwa Nchi

Ndugu, majirani, na waheshimiwa wa Kamati mliosimama hapa kando ya mto, naomba mnisikilize. Mimi ni Hemlata, binti wa Pandurang, kaka wa marehemu. Najua wanawake hatuji mahali hapa pa kuchomea wafu, na nimewaona waliokunja uso nilipokuwa nashuka ngazi. Kunjeni tu, nimekwisha fika. Karatasi mliyogawiwa na Kamati ya Maandamano ina picha ya marehemu akiwa na taji, na juu yake pameandikwa "Mama Bharat wa Karanjgaon". Nimeisoma mbele na nyuma, jina lake halimo. Kwa hiyo wasifu ninaousoma ni huu niliouandika mwenyewe dukani kwetu leo asubuhi, na ni wasifu wa Shevanta.

Marehemu Shevanta Gangaram Pise alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Karanjgaon, wilaya ya Satara, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake. Baba huyo, mzee Gangaram, alikuwa fundi cherehani, na mama yake, Bhagirathi, ndiye aliyekuwa akishona vifungo. Shevanta alikuwa mtoto wao wa pili na wa mwisho. Nyanya yetu alisema mtoto huyo alizaliwa akipiga kelele za kudai haki, mkunga akacheka akasema huyu hatakosa mume wala kesi. Alikuwa na uso mpana, mdomo usiotulia, na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, Zulekha Maniyar, binti wa muuza bangili wa mtaa wa Waislamu nyuma ya soko. Wawili hao walikuwa wakiiba kwaju pamoja na kuchapwa pamoja.

Alisoma shule ya wasichana ya hapa mjini kuanzia mwaka 1952, akafika darasa la kumi. Siku moja mwalimu wa jiografia alitundika ramani ya nchi yetu iliyochorwa kama mwanamke, kichwa kwenye milima ya theluji, miguu baharini kusini, sari ikipepea hadi Bengal. Akawaambia, "Wasichana, hii si ardhi tu. Huyu ni Mama yetu, na anayemwabudu ndiye mwanawe." Shevanta akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi Karanjgaon tuko wapi mwilini?" Mwalimu akapima kwa macho, akasema kiunoni. Shevanta akasema, "Ndiyo maana panawasha." Alisimamishwa nje mpaka kengele, na Zulekha alisimamishwa naye kwa kosa la kucheka.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wazee wenzangu hapa mnalikumbuka, na vijana mmesimuliwa nusu. Mwaka 1962 vita ilizuka huko milimani kaskazini, na mji mzima ukapata homa ya nchi. Mzee Dattopant Kelshikar, aliyekuwa na duka la dawa, alianzisha Kamati, akakusanya vijana waliokuwa wakifanya mazoezi alfajiri uwanjani, wakaamua kuzungusha mjini sanamu ya Mama Bharat, yaani Mama India, siku ya mbalamwezi ya Tripuri, tarehe 11 Novemba. Mfinyanzi alipewa kazi ya kuifinyanga, ya udongo, na simba pembeni na bendera mkononi. Babu yangu Gangaram alipewa kazi ya sari ya yadi tisa, ya rangi ya zafarani, iliyoshonwa kabisa ili ivalishwe tu. Tatizo udongo ulikuwa bado mbichi, na ukiugusa kwa utepe wa kupimia unaacha alama. Babu akafanya kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili, akampima binti yake.

Siku yenyewe, walipokuwa wanaipandisha ile sanamu kwenye gari, shingo ikavunjika. Ikavunjika katakata mbele ya watu wote, kichwa kikaviringika hadi miguuni pa wapiga ngoma. Na kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba sanamu iliyovunjika haiabudiwi. Saa njema ilikuwa inapita. Mzee Kelshikar akaitazama sari, akamtazama Shevanta aliyekuja kuileta, akauliza, "Gangaram, binti yako ana kimo gani?" Babu yangu, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu, "Kimo cha hiyo sari."

Nyanya alikataa. Walimwambia ni saa mbili tu, kwa ajili ya askari wetu, hata wewe dada yetu huna uchungu na nchi? Shevanta akavalishwa, akapewa bendera, akakalishwa kando ya simba. Ikiwa yangeishia hapo, ingekuwa ni maigizo tu, kama watoto wanavyovalishwa uungu kila mwaka wakavuliwa jioni wakaenda kula. Lakini kuhani, Guruji Moreshwar Agashe, alikuwa mzee, alikuwa na haraka, na alikuwa amejiandaa kwa sanamu. Akasoma ile ibada kamili ya kuingiza pumzi ya uungu katika udongo. Akamgusa macho kwa jani la nyasi, akamgusa kifua, akamwita Mama aingie akae humo. Shangazi alinisimulia mara nyingi. Alisema, "Nilimwambia, Guruji, mimi pumzi ninayo tayari. Akaniambia, nyamaza, Mama hasemi."

Akazungushwa mji mzima. Wanawake walivua bangili zao za dhahabu wakamwekea miguuni kwa ajili ya vita, wazee walilia, na Shevanta, msichana wa miaka kumi na sita, alikaa wima mbu akimla shavuni. Jioni wakafika hapa hapa mtoni. Kwa desturi yetu, mungu aliyekaribishwa ndani ya udongo lazima aagwe kwa ibada, kisha udongo unatumbukizwa majini, biashara imekwisha. Guruji akafungua kinywa amuage, akakwama. Msichana hatumbukizwi mtoni. Mmoja akasema tumchovye miguu. Mwingine akasema nusu ya kuaga si kuaga. Wakabishana mpaka mienge ikaanza kuzimika, ndipo mzee Kelshikar akapaza sauti, "Kwani haraka ya nini? Vita haijaisha! Mama na akae nasi mpaka ushindi!" Watu wakashangilia hadi popo wakatoka mitini. Shevanta akarudishwa nyumbani na taji kichwani.

Vita ikaisha mwezi huo huo, na ikaisha vibaya, hakuna aliyetaka kuizungumzia. Guruji Agashe alifariki Januari iliyofuata. Na hivyo, ndugu zangu, huyu binadamu aliingiziwa Mama kwa ibada kamili, na hakuna aliyemtoa.

Kuhusu kazi: marehemu alikuwa fundi cherehani, na fundi hodari. Alianza kushona dukani mwaka 1963. Alikata blauzi kwa jicho bila chaki, na kola alizogeuza yeye hazikujua kuinuka. Lakini wateja hawakukubali awapime. Mwanamke anakuja na kitambaa, Shangazi anainuka na utepe, mwanamke anaanguka kumgusa miguu. "Inuka, mama, nataka kiuno chako, si kichwa chako," anamwambia. Hainuki. Ikabidi nyanya awe anapima mbele na Shangazi anashona nyuma ya pazia. Mwishowe Kamati ikampa kazi ya kushona bendera na mabango yake, na kila mwaka siku ya Tripuri walikuja kumchukua, wakambeba juu juu maana Mama akishavikwa mguu wake haugusi ardhi, wakamkalisha kando ya simba.

Nataka mwelewe maisha hayo yalikuwaje, kwa sababu wengi mlidhani anafurahi. Sokoni hakuna aliyekubali abishane bei, na Shangazi alikuwa anapenda kubishana bei kuliko chakula. Mayai alikatazwa tangu akiwa na miaka kumi na sita, maana Mama hali mayai. Walimletea watoto wenye homa awapulizie. Mwaka mmoja mbuzi wa jirani yetu Namdev alikula kitambaa cha bendera kizima, Shangazi akatoka nje akamtukana Namdev matusi ambayo siwezi kuyasoma mbele ya maiti. Namdev aliunganisha viganja kifuani, akainama, akasema, "Asante, Mama." Akaenda kuwaambia watu amebarikiwa. Shangazi aliingia ndani akakaa kwenye kigoda akalia kwa hasira. Akaniambia, "Hemu, mtu ambaye hawezi hata kugombana na jirani yake, huyo anaishi?"

Na wala sisemi kwamba mzee Kelshikar alikuwa mtu mbaya. Mwaka wa ukame alikuwa anatuletea maji mwenyewe kwa ndoo, mzee wa watu, jasho linamtiririka, na hakukubali hata kikombe cha chai. Alimpenda Shangazi kwa moyo wake wote. Ila hakumpenda yeye, alimpenda yule aliyedhani amekaa ndani yake. Mtu akikupenda hivyo huna pa kukimbilia.

Kwa kawaida hapa pangekuja habari za ndoa. Mwaka 1967 alikuwepo kijana Madhukar Gote, dereva wa basi la Sangli, ambaye alileta suruali ile ile kupunguzwa mara tatu, mpaka babu akamwambia, "Kijana, ikikatwa tena itakuwa kaptula. Sema shida yako." Akasema. Shangazi alikubali kabla hajamaliza sentensi. Wazazi wa pande zote wakaafikiana, pilipili na mchele vikaanza kununuliwa. Ndipo mzee Kelshikar akaja, akasimama mlangoni ameunganisha viganja, machozi yanamlenga. "Gangaram, ndugu yangu. Nchi inaolewaje? Na nani atasimama aseme mimi ndiye mume wa nchi?"

Babu akamjibu, "Dattopant, yule ni Shevanta."

"Alikuwa Shevanta. Guruji alisoma ibada, na wewe ulikuwepo. Nani amemuaga?"

Mama yake Madhukar aliposikia, alirudi Sangli na basi la kwanza. Alisema, "Mimi nataka mkwe wa kuchota maji. Huyu nikimkaripia nitapofuka." Madhukar alioa kwingine, mji wa Miraj, akapata wavulana wawili. Shangazi hakuolewa, na hakuna mwingine aliyekuja kuuliza.

Tangu hapo alianza kuomba aagwe. Alimwendea kuhani mpya, kuhani akasema jambo hili la Kamati. Aliiendea Kamati, Kamati ikasema jambo hili la maandiko. Mwaka mwingine walisema baada ya mavuno, mwaka mwingine baada ya uchaguzi. Kusema kweli hawakuweza kumwachia, maana maandamano yalikwisha kuwa makubwa, watu wanakuja na malori kutoka Wai na Karad kumtazama Mama anayepumua, wakubwa wanapanda garini kupigwa picha naye. Na kuweka msichana mwingine haikuwezekana, Mama wawili katika mji mmoja wapi na wapi?

Mwezi wa Novemba 1993 maandamano yalibadilishiwa njia. Vijana wa Kamati walitaka yapite mtaa wa Maniyar, ule wa Waislamu nyuma ya soko. Mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa, kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake nani mwana wa Mama na nani mpangaji tu. Gari lilisimamishwa mbele ya duka la bangili la Zulekha, ngoma zinapigwa, na vijana wanapiga kelele kwamba waliomo humo ndani hawana Mama hapa, waende wakamtafute kwingine. Zulekha alikuwa nyuma ya dirisha na wanawe. Shangazi yuko juu, taji kichwani, anamwona. Na kanuni ni kwamba Mama hasemi.

Akasema. Aliweka bendera chini akapaza sauti, mimi nilikuwa kwenye umati nikamsikia vizuri, "Zulekha! Fungua mlango, mwenzangu, nataka kuvaa bangili! Nyie watoto, pisheni!"

Ngoma zikanyamaza. Kwa muda kidogo nilidhani yamekwisha. Maana Zulekha akifungua, akamshika Shangazi mkono kama alivyomshika tangu utotoni na kumvalisha zile bangili za kijani, basi nani angethubutu kusema lolote? Lakini mzee Kelshikar aliruka juu ya gari, macho yanang'aa, akanyanyua mikono. "Mama amesema! Baada ya miaka yote hii Mama amesema! Anadai bangili! Akina mama, mpeni Mama bangili zenu!"

Jamani. Walivua. Walizirusha garini hadi zikamfika magotini, wanalia kwa furaha, na yeye anapiga kelele "Siyo hivyo! Nimesema Zulekha!" lakini ngoma zilikwisha rudi. Katika msukumano ule kuna aliyerusha jiwe, na duka la kioo na bangili za kioo mnajua linavyoanguka. Zulekha na familia yake walihamia ng'ambo ya mto kabla ya mwezi kuisha. Shangazi aliniambia jambo ambalo sitalisahau. "Hemu, hata sauti yangu wameichukua. Nikifungua mdomo, anayesikika ni yeye." Kuanzia siku hiyo mtu wa mji huu nje ya nyumba yetu hakusikia tena neno lake, na watu wakasifu utulivu wa Mama.

Mzee Kelshikar alifariki mwaka 1998, na mwanawe, Bwana Shrinivas aliyesimama pale, akachukua Kamati. Mambo hayakubadilika ila vipaza sauti vilikuwa vikubwa zaidi.

Kuhusu ugonjwa: marehemu alipatwa na kisukari, na mwaka 2011 kidonda ndugu kikamshika mguu wa kushoto. Huko hospitalini Satara daktari akamwambia kwa upole, "Mama, tusipokata, sumu itapanda." Alidhani mgonjwa atalia.

"Kateni," Shangazi akasema.

"Chini ya goti, mama."

"Popote mtakapo, daktari, mradi uonekane umekatwa." Kisha akanigeukia, na uso ule mpana ulikuwa umechanua kama sijauona tangu nikiwa mtoto. "Hemu, sanamu iliyovunjika inafanywaje?"

Nikasema, "Haiabudiwi, Shangazi."

"Basi nenda kawaambie!"

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutukemea. Shangazi aliingia chumba cha upasuaji kama mwari anayekwenda kwenye sherehe yake. Aliporudi na kigutu chake, siku ya tatu aliomba yai. Nilimkaangia mwenyewe kwa pilipili na kitunguu, na bhakri, ule mkate wetu wa mtama, akala akafumba macho. Huo ulikuwa uhuru wake, ndugu zangu, na ulidumu wiki moja na nusu. Bwana Shrinivas alikwenda Pune kwa wasomi wa maandiko, akarudi na hukumu kwamba kanuni ya kuvunjika ni ya udongo, mawe na madini, mwili hauhusiki. Na juu ya hapo akaja na zawadi aliyoitengenezesha kwa sonara, mguu wa fedha, wenye vidole na njuga. Alichoniambia Shangazi baadaye ni hiki tu, "Wangu ulikwenda, wa kwao ukaja." Novemba hiyo walimvalisha wakamkalisha kando ya simba, na watu walisukumana kuubusu ule mguu.

Miaka yake ya mwisho alikaa zaidi dirishani nyuma ya duka, anashona vifungo kama mama yake. Mwezi uliopita figo zilianza kukataa kazi. Jana mchana alinishika mkono akasema, "Hemu, wameniambia majivu yangu watayaweka chungu cha shaba, wayajengee chini ya yule simba uwanjani. Wakifanya hivyo mimi sijafa. Nitakaa tu pale pale, milele, bila hata dirisha." Nikamwambia haitatokea. Akasema, "Utawazuia kwa lipi? Sijaagwa." Alifariki leo alfajiri, Alhamisi tarehe 17 Januari 2019, saa kumi na moja, akiwa na miaka sabini na miwili, kitandani kwake, mimi na kaka yangu Vilas tukiwa naye.

Kulipopambazuka Kamati ilifika. Gari limepambwa maua, taji limeletwa, mguu wa fedha umesuguliwa. Bwana Shrinivas akaniambia, "Dada Hemlata, tunamzungusha mji mara ya mwisho, kisha mtoni, kisha majivu ni ya uwanjani. Watu wanamtaka Mama yao." Nikasema ni maiti ya shangazi yangu. Akasema, taratibu, wala hakuwa na ubaya, "Sote tunajua hajaagwa. Ungekuwa wewe ungemtupa Mama mtoni kama mzigo?" Kuhani naye alikataa kusoma chochote bila Kamati. Nilibaki mlangoni kama mtu aliyefungwa mikono.

Wakati huo akaingia Zulekha. Amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo, na umri wake ule, bangili za kijani ameziviringishia leso. Akaketi chini, akamshika Shangazi mkono, akaanza kumvalisha moja moja kwa ile namna yao ya kufinya kiganja, anamsemesha, "Legeza mkono, Shevanta, usiwe mkaidi." Nikamweleza shida yetu huku nalia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Binti yangu, mimi nimewauzia nyinyi bangili za Gauri maisha yangu yote. Kila mwaka mnamkaribisha mungu wenu huyo wa kike jikoni, mnamlisha, siku ya tatu mnamuaga. Nani anamuaga? Kuhani?"

Nikasema, "Hapana. Sisi wanawake."

"Mnamuaga kwa kitu gani?"

"Mchele tu. Unamnyunyizia, unamwambia nenda, unamsogeza kidogo kutoka alipokaa. Basi."

"Sasa huyu amekaa wapi miaka yote hiyo, si kwenu?"

Nilikaa chini. Jibu lilikuwa jikoni kwetu, kwenye pipa la mchele, na mimi mwenyewe nimemuaga Gauri kila mwaka tangu nijue kusimama. Shangazi pia. Alimuaga Gauri kwa mikono yake akarudi kushona bendera. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza, kwa sababu tuliambiwa jambo hili ni kubwa, ni la nchi, ni la wanaume na maandiko. Nina uchungu ambao sijui nitaufanyia nini, na nausema mbele yenu.

Marehemu ameacha mpwa wake Vilas, fundi cherehani, na mkewe Sulochana; ameniacha mimi, Hemlata; ameacha wajukuu wanne wa kaka yake; na ameacha rafiki yake Zulekha Maniyar, aliyesimama hapa kulia kwangu, ambaye nimeambiwa nisimtaje na nimemtaja. Hakuacha mume wala mtoto. Karatasi ya Kamati inasema ameacha watoto elfu hamsini, lakini hakumzaa hata mmoja wao.

Sasa, Bwana Shrinivas, usisogee, tafadhali. Geuka utazame ngazini. Wale wanawake wote wanaoshuka wana mchele kwenye ncha za sari zao, na wa tatu kutoka mbele ni mke wako. Wanajua kazi waliyokuja kuifanya, wameifanya majumbani mwao kila mwaka, na hakuna hata mara moja walipokuombeni ruhusa. Wapisheni wafike.

Vilas, toa hilo taji. Na huo mguu, warudishie wenyewe. Zulekha, shika upande ule wa machela, mimi nashika huu. Mama zangu, nyunyizeni. Tunamsogeza kidogo, upande wa maji, hivyo hivyo, inatosha.

Mama uliyeingizwa humu bila mwenyewe kuulizwa, tumekulisha, tumekupamba, tumekubeba. Sasa toka. Miungu wote tunaowaaga hapa mtoni huwa tunawaambia warudi upesi mwakani. Wewe hatukuambii hivyo. Nenda, na usirudi tena kukaa ndani ya mtoto wa mtu.

Shangazi amepumzika. Vilas, washa moto.